Sumaku Tatu Ndani ya Beseni

Hamduni fundi redio hakuwa na lehemu. Hakuwa na transista nzima hata moja, wala miwani iliyopimwa kwa macho yake. Aliyoivaa ilikuwa ya marehemu kaka yake, nayo ilimlazimu kuinamisha kichwa upande kama kuku anayechungulia punje. Hakuwa na magego ya kulia. Hakuwa na cheti ila kile cha shule ya usiku, ambacho unyevu wa ziwa ulikwisha kukila sahihi. Wateja pia hakuwa nao, na hilo lilikuwa jambo jipya. Katika miaka ya dhiki watu walimletea redio zikarundikana mpaka darini, naye akakosa vipuri vya kuzifufulia. Sasa, tangu biashara ipewe ruksa, vipuri vilianza kuonekana mjini Musoma, lakini watu nao walikuwa wamejipatia redio kaseti za kutoka ng'ambo. Ikinyamaza moja, wanatafuta nyingine. Hakuwa na mtu wa kumwita profesa bila kucheka. Na katika umri wa miaka sitini na minne, baada ya kusoma kila karatasi iliyopita mbele yake, hakuwa na jina lake ndani ya kitabu chochote.

Hilo la mwisho ndilo lililomchosha kuliko yote, na mwaka ule wa themanini na saba ilikuwa kama linataka kumtoka.

Padri Leodgar wa misheni ya Makoko alikuwa na desturi ya kumpa majarida ya sayansi yaliyokwisha kusomwa na wenzake. Katika mojawapo Hamduni alikuta makala juu ya molekuli zinazokutana na ioni. Aliisoma kwa msaada wa kamusi miezi miwili mizima. Elektroni alizijua vizuri, maana kabla ya transista alitengeneza redio za valvu, na ndani ya valvu elektroni ndizo zinazofanya kazi yote. Lakini habari hii ya molekuli kushambuliwa na ioni, ikabaki na chaji kubwa mno, kisha ikasambaratika, na vipande vyake vikatupwa kila kimoja upande wake kwa kasi ya ajabu, ilimkaa kifuani. Alikuwa akifundisha darasa la jioni la watu wazima pale Makoko mwaka wa kumi na moja sasa. Akaiandika habari hiyo kwa Kiswahili, kurasa tisa, akaipeleka Dar es Salaam kwenye kamati iliyokuwa ikiandaa kitabu cha sayansi kwa ajili ya madarasa kama hayo.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitano. Katibu wa kamati, Bibi Lukresia, aliandika kwamba kurasa zile zimependeza, zimesomwa pia na mwalimu mwenye shahada, na zitakuwa sura ya sita, chini ya jina la Bwana Hamduni. Ila kulikuwa na sharti. Kitabu ni cha watu wa jioni, kwa hiyo kila sura ijaribiwe katika madarasa matatu, na kila darasa litie sahihi fomu kwamba limeelewa. Fomu zifike kabla ya mwisho wa Septemba. Stensili za kuchapia zilikwisha kukatwa na karatasi zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo hapatakuwa na nafasi ya kurekebisha lolote. Sura ambayo mambo yake hayatakamilika itatolewa, na siku kitabu kikichapwa tena, kama kitachapwa, itaandikwa na Bwana Luhende, mwalimu wa fizikia wa sekondari hapo hapo Musoma.

Hamduni alimsomea mkewe, Fatu, barua hiyo mara mbili. Mara ya pili Fatu alikuwa akichambua dagaa.

"Baba Kudura, nimekwisha sikia," alisema. "Jina lako litakaa ndani ya kitabu. Sasa toa mguu hapo, unanikanyagia mboga."

Kwa ajili ya madarasa alitengeneza kifaa. Aling'oa sumaku tatu za duara kutoka spika za redio zilizokufa, akagandisha kila moja juu ya kipande kinene cha ndala kuukuu, vile wavuvi wanavyokata ndala kufanya maboya ya nyavu. Zikaelea. Alizipanga zote uso mmoja juu, ili zisukumane, kisha akazifunga kwa nyuzi mbili za pamba: ya katikati na ya kushoto, ya katikati na ya kulia. Nyuzi alizipitisha juu kwenye vijiti zisilowe. Ndipo ukaonekana mstari wa vitu vitatu visivyopendana, vimeshikwa na uzi. Chombo kilikuwa beseni la plastiki la Fatu, kwa sababu karai la chuma lingezivuta sumaku ukutani. Na kwa sababu hiyo hiyo ioni yake ilikuwa gololi ya kioo.

"Hizi tatu ni atomi," alikuwa akieleza. "Uzi ni elektroni zinazozishikanisha. Zote pamoja ni molekuli. Na hii hapa ni ioni. Inakuja mbio." Hapo aliachia gololi kutoka urefu wa bega. Ilipiga boya la katikati, maji yakaruka, vifundo vikafunguka, sumaku zikatawanyika hadi ukingoni. "Molekuli imevunjwa. Ioni ikija na nguvu zaidi, vipande vinaruka mbali zaidi." Aliachia nyingine kutoka juu ya kichwa, na kweli ziliruka kwa kasi zaidi. Ndivyo alivyoandika katika sura ya sita: ioni huipiga molekuli kama jiwe linavyopiga chungu, na kadiri jiwe lilivyo na nguvu, ndivyo vigae vinavyofika mbali.

Makoko walitia sahihi siku ile ile, wengi wao wakiwa wavuvi, wakilowa mpaka magotini na wakicheka.

Bunda alikwenda Jumamosi, beseni limefungwa mgongoni kwa shuka. Darasa la huko, la Kabasa, lilikutana nyuma ya karakana ya Jumanne, fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi.

"Mwalimu Hamduni umekuja kutuogesha?" Jumanne aliuliza alipoona beseni.

"Nimekuja kuwafundisha molekuli."

"Molekuli inaliwa na ugali?"

"Ugali wenyewe ni molekuli. Kaa chini."

Mkulima mmoja wa Guta alitaka kujua kama molekuli ikishavunjika inaweza kuungwa. Hamduni alisema hiyo ni sura nyingine. Jumanne aliomba aachie gololi yeye mwenyewe, akapanda juu ya benchi, akaiachia kutoka huko kama anayelenga ndege. Nusu ya maji ilimwagika, sumaku moja ikaruka nje kabisa. Watu wakapiga makofi. Fomu ikasainiwa juu ya tandiko la baiskeli. Hamduni alirudi Musoma amesimama ndani ya basi muda wote, goti linamuuma, ila moyoni ametulia. Lilibaki darasa moja tu, na siku kumi na mbili.

Butiama alifika kwa roli la pamba hadi Makutano, na kutoka hapo kwa miguu. Njia ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka. Kila alipopumzika alijiambia kwamba hii ni mara ya mwisho, na kila alipoinuka beseni lilikuwa limezidi uzito, ingawa halikuwa na kitu ila sumaku tatu na gololi. Saa kumi alifika kwenye chumba cha shule walichoazimwa. Masatu, kiongozi wa darasa, alimpokea kwa mikono miwili na kumtafutia kiti chenye mgongo. Watu walikuwa kumi na wanne. Mbele kabisa, karibu na ndoo ya maji, alikaa bibi mmoja mkubwa wa umri, mwembamba, kiko mkononi, akikiwasha kwa ubua wa mtama uliokuwa na kaa dogo jekundu kwenye ncha. Aliitwa Boke.

Hamduni alimimina maji kwenye beseni, akapanga maboya, akafunga nyuzi. Alieleza atomi, akaeleza elektroni. Alipoinua gololi, Bibi Boke alitoa kiko mdomoni.

"Mwalimu, hiyo kitu unaiangusha humo?"

"Naiangusha, bibi."

"Na maji inarukaga?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ya wapi. Nguo zako zina madoa mpaka kiunoni." Aliyaelekezea kiko. "Maji hii nimebeba mimi, toka kisima cha bondeni, nikapanda nayo kilima chote. Wewe wa Musoma ziwa linakungojeaga mlangoni, unamwaga kama mchezo. Hapa kwetu hapana."

Darasa likaangua kicheko.

"Bibi Boke," Masatu alisema, "mwache mwalimu afundishe."

"Nani amemkataza kufundisha? Maji ndio nimemkataza."

"Bibi, bila gololi hakuna somo," Hamduni alisema. Alijitahidi sauti isitoke kavu, lakini ilitoka kavu. "Gololi ndiyo ioni."

"Wewe unataka nyuzi zikatike. Si ndio?"

"Ndiyo, lakini—"

"Basi zikatike." Na kabla Hamduni hajajibu, bibi aliinama akagusisha ncha ya ubua kwenye uzi wa kushoto, kwa utulivu ule ule aliowashia kiko. Uzi ukatoa moshi kidogo, ukakatika. Hakuna tone lililoruka.

Sumaku ya kushoto iliondoka. Haikurushwa na mtu. Ilikwenda yenyewe, kasi mwanzoni halafu taratibu, mpaka ikagusa ukingo wa beseni. Mbili zilizobaki, zikiwa bado zimefungwa, zilirudi nyuma kidogo na kuanza kuzunguka pamoja kama watu wawili walioshikana mikono. Zilipofika robo ya mzunguko, bibi akagusa uzi wa pili. Zikaachana. Moja ikaelekea kwa Masatu, nyingine upande wa mlango, njia ambazo Hamduni hakuwahi kuziona sumaku zake zikipita katika madarasa yote mawili.

Na zilifika mbali vilevile, bila pigo lolote.

Alisimama akizitazama. Akafunga nyuzi upya. "Rudia, bibi," alisema. Bibi Boke akarudia. Akafunga tena, safari hii akimwomba achome polepole zaidi, halafu haraka, halafu zote mbili pamoja kwa mabua mawili. Alipima kwa unyasi sumaku zilikofika kabla hazijapoteza kasi. Urefu ulikuwa ule ule. Mkono wa bibi ulikwenda polepole au upesi, sumaku hazikujali.

"Sasa mwalimu," Masatu aliuliza, "ile ioni yenye nguvu iko wapi hapo?"

Hamduni alifungua kinywa ajibu kama sura ya sita inavyojibu. Bibi Boke akamtangulia.

"Moto umekula uzi tu. Sumaku haujaigusa. Hizo zilikuwa zinataka kuachanaga toka zamani, mwalimu mwenyewe si amesema hazipendani? Walikosa mtu wa kuwatolea kamba."

Watu walicheka tena, na mmoja akataja ndoa ya jirani. Hamduni hakucheka. Alisema somo limekwisha. Masatu alipitisha fomu, na watu kumi na wanne wakatia sahihi kwamba wameelewa. Bibi Boke aliandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, akiuma ulimi. Ilimchukua muda. Halafu aliyarudisha maji yote kwenye ndoo, akajitwisha, akaenda nayo.

Usingizi wa ugenini ulikuwa mbaya, na safari ya kurudi mbaya zaidi. Alipofika nyumbani siku ya pili mchana hakula. Alitoa lile jarida la Padri Leodgar chini ya mkeka, akaketi mlangoni penye mwanga, akainamisha kichwa upande.

Yote yalikuwamo. Yalikuwamo tangu siku ya kwanza. Makala ilisema ioni hizo, kwa kuwa zenyewe zimenyang'anywa elektroni nyingi, zina njaa kubwa ya elektroni. Hata ikipita jirani tu bila kugusa, ioni huzikwapua elektroni za molekuli na kwenda zake. Atomi zinazobaki zote zina chaji ya aina moja, chanya kwa chanya, na hapo tena hakuna cha kuzishika. Zinasukumana zenyewe. Nguvu ya kutawanyika hutoka ndani yao, si kwenye pigo. Palikuwa na picha mbili za alama zilizoachwa na vipande: moja ya molekuli iliyoachia mara moja, nyingine ya molekuli iliyoachia kwa hatua, kipande kimoja kwanza, viwili vikazunguka, kisha vikaachana. Ile ya pili Hamduni alikuwa ameihesabu kuwa picha iliyoharibika.

Na palikuwa na jedwali. Lilionyesha ioni za kasi ndogo na za kasi kubwa, na mbele ya kila moja nguvu ya vipande, karibu namba ile ile kutoka juu mpaka chini. Pembeni mwa jedwali palikuwa na maandishi ya wino mwekundu, mwandiko mzuri wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: *Wapiga chapa wamekosea hapa.*

Ulikuwa mwandiko wake.

Kisha akainuka, akajaza beseni, akaweka kipande cha ndala kitupu, bila sumaku wala uzi, akaachia gololi kando yake kutoka urefu wa bega. Wimbi likakibeba kipande hadi ukingoni. Akaachia nyingine kutoka juu ya kichwa. Kipande kikaenda kwa kasi zaidi. Basi ndiyo hiyo nguvu aliyoifundisha Makoko na Bunda, akaiandika kurasa tisa, ikakatwa stensili. Mawimbi ya beseni. Mtu aliyekulia kando ya ziwa, aliyeona maji yakiyumba kila siku ya maisha yake, hakuyaona maji.

"Wamesaini?" Fatu aliuliza kutoka uani.

"Wamesaini."

"Wote?"

"Wote kumi na wanne."

"Sasa mbona unakaa kama mtu aliyeletewa habari ya msiba?"

Akamweleza. Fatu alisikiliza akiwa amesimama, mkono kiunoni. Alielewa haraka kuliko Hamduni alivyotaka aelewe.

"Yaani kitabu kitakuwa na uongo."

"Kosa, si uongo."

"Leo ni kosa. Ukishalijua ukaliacha lipite, kesho ni nini?" Kisha sauti yake ikalegea, maana naye alikuwa amekwisha kuitangaza habari mtaa mzima, na binti yao Kudura kule Mwanza alikuwa amewaambia wafanyakazi wenzake. "Lakini Baba Kudura, hebu sema kweli. Nani atajua?"

Hilo ndilo alilokuwa akijiuliza Hamduni mwenyewe. Fomu zote tatu zilikuwa mezani. Kilichobaki ni kuzitia katika bahasha, na jina lake lingekuwa ndani ya kitabu. Akizizuia, au akisema ukweli, hakuna stensili mpya, hakuna karatasi nyingine. Sura inatolewa, na ikirudi inarudi na jina la Luhende. Umri wake haukuwa wa kungoja kitabu kingine. Alijiambia aende kwanza amwone huyo Luhende. Labda kosa si kubwa kama lilivyoonekana machoni pa mtu aliyechoka.

Alimkuta asubuhi yake kwenye kibaraza cha nyumba za walimu, akinyoa ndevu mbele ya kioo cha pikipiki.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu. Habari za Butiama?"

"Marahaba. Butiama ni mbali, mwalimu." Hamduni alikaa juu ya kigoda. "Nina swali. Hii nguvu ya vipande vya molekuli. Inatoka kwenye kasi ya ioni, au inatoka kwenye chaji za vipande vyenyewe?"

Luhende alisimamisha wembe. "Chaji zenyewe. Zinasukumana. Ioni ikishazoa elektroni, kazi yake imekwisha."

"Nami niliandika vingine."

"Najua," Luhende alisema. "Kamati walinipa niisome, toka Februari. Niliona."

"Uliona." Hamduni alilirudia neno hilo polepole. "Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia iko sawa. Mzee, usijisumbue. Imeandikwa vizuri, ina mfano mzuri, watu wanafurahi. Nani kati yao atakwenda kupima ioni? Tungekuwa tunawaandikia wanafunzi wangu wa kidato cha sita, hapo sawa, ningepiga mstari." Akaufuta wembe kwenye taulo. "Kwa watu wa jioni inatosha. Chai?"

Hamduni alishukuru, akakataa chai. Alimuaga kwa heshima zote, kwa sababu kijana hakuwa na ubaya, na huo ndio ulikuwa uzito wake. Njiani alipita dukani kwa Omari, muuza vifaa vya uvuvi na baiskeli, ambaye alimwita kutoka ndani, "Profesa, kitabu kinatoka lini?" naye akainua mkono tu bila kusimama.

Inatosha. Miaka minne ya shule ya usiku alikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamemfika kidevuni, baada ya kutwa nzima ya kuchomea waya. Na katika miaka yote hiyo alijua, bila kuambiwa, kwamba kuna mambo wanayofundishwa watu wa mchana na kuna mambo yanayowatosha watu wa jioni. Alitumia uhai wake wote kujaribu kuuziba mwanya huo, jarida kwa jarida, kamusi mkononi. Na sasa mwanya wenyewe ulikuwa unataka kumbeba, umweke kitabuni, kwa sharti la kunyamaza. Akamkumbuka Bibi Boke akiuma ulimi kuandika jina lake chini ya maneno *nimeelewa*. Alikuwa ameelewa kweli. Kuliko mwalimu. Kuliko alivyohitaji kuelewa mtu anayeambiwa kwamba inamtosha.

Alifika nyumbani akaomba meza iondolewe vyombo. Fatu aliondoa bila kuuliza. Karatasi nzuri hawakuwa nayo. Alichana katikati ya daftari la darasa, akaandika kwa penseli kwanza, kisha akapitisha wino juu.

*Bibi Katibu,*

*Salaam. Fomu za Makoko, Kabasa na Butiama ninazo, zote zimetiwa sahihi, nami sizileti. Sura ya sita ina kosa, na kosa ni langu. Nimeandika kwamba ioni huivunja molekuli kwa pigo. Si kweli. Ioni huiondolea molekuli elektroni zinazoishika, na vipande, vikiwa vimebaki na chaji ya namna moja, husukumana vyenyewe hadi vikasambaratika. Kasi ya ioni hubadilisha kidogo sana. Tena si lazima vyote viachane mara moja. Huweza kuachana kwa hatua, na hapo vinavyobaki huzunguka kwanza. Jarida nililosomea lilieleza hayo yote sawasawa. Mimi ndiye niliyelisahihisha.*

*Naomba sura itolewe. Najua hapana karatasi ya nyingine.*

*Atakayeiandika baadaye nimemwekea hapa chini maelezo ya kifaa. Asitumie gololi. Atumie ubua wenye kaa la moto, na achome uzi mmoja mmoja. Njia hii si yangu. Ni ya Bibi Boke, mwanafunzi wa darasa la jioni la Butiama, na naomba jina lake ndilo liandikwe mahali hapo, kwa maana yeye ndiye aliyeona.*

*Watu wa Makoko na Kabasa nitarudi kwao mwenyewe kuwaeleza.*

Alisimamisha kalamu. Mstari wa mwisho ulimkawiza kuliko yote.

*Hao unaowaandikia kitabu hiki, Bibi Katibu, usikubali mtu akuambie kwamba chochote kinawatosha.*

Akatia sahihi, jina lake lote, kwa utaratibu.

"Nisomee," Fatu alisema. Akamsomea. Alipomaliza, mkewe aliuliza, "Bunda utakwenda na goti hilo?"

"Nitakwenda."

"Jumanne atakucheka mwaka mzima."

"Acha acheke."

"Basi ngoja nikutafutie bahasha." Alirudi na bahasha ya kaki iliyowahi kuja na barua ya Kudura. Hamduni aliifumua maungio, akaigeuza ndani nje, akaikunja upya. Gundi haikuwapo. Fatu akachota kidole cha uji wa muhogo chini ya sufuria, akapaka kwenye kingo, yeye Hamduni akaandika anwani huku uji ukikauka. Alizikunja karatasi mara tatu, akazitia, akapaka uji kwenye mdomo wa bahasha na kuukandamiza kwa kiganja, akikitembeza kutoka mwanzo hadi mwisho, mara moja, mara mbili.

Posta walikuwa karibu kufunga. Karani wa dirishani aliipima bahasha mkononi, akaigonga muhuri juu ya stempu, akaitupa ndani ya gunia la Dar es Salaam pamoja na nyingine.